PIA YA GOTI INAYOHAMA BAADA YA UPASUAJI
Tafuta sababu kabla ya kukubali kisu cha pili

Na Daktari Wetu, Garissa

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 26, aliingia katika chumba changu hapa Garissa akichechemea, nyuma yake akiwa mjomba wake aliyebeba bahasha kubwa ya picha za eksirei. Miaka miwili kabla ya siku hiyo alikuwa amepasuliwa goti katika hospitali moja nje ya mkoa huu kwa sababu pia ya goti lake ilikuwa ikiteguka. Familia iliuza ngamia wawili kulipia upasuaji huo.

"Daktari," alisema, "walinipasua ili isitoke, na bado inatoka. Tena sasa ni mbaya kuliko zamani. Nikishuka ngazi goti linaniachia."

Mjomba wake alikuwa na swali moja tu: auze ngamia wa tatu au asiuze?

Msomaji, makala ya wiki hii yanajibu swali la mzee huyo. Huenda nawe, au mtu wa nyumbani kwako, amewahi kupasuliwa goti na bado anahisi kwamba pia ya goti haitulii. Wengi wa watu hawa huambiwa wazoee, au huambiwa kwamba maumivu yamo akilini mwao. Wengine hukimbilia upasuaji wa pili unaofanana na ule wa kwanza. Njia zote mbili ni za hasara. La kwanza ni kujua kwa nini upasuaji wa awali haukufaulu, na mara nyingi jambo hilo linaweza kujulikana.

PIA YA GOTI HUKAAJE MAHALI PAKE?

Pia ya goti, ambayo kwa Kiswahili sanifu huitwa vilevile kilegesambwa, ni mfupa mdogo wa mviringo ulio mbele ya goti. Juu yake umeshikwa na misuli mikubwa ya paja, na chini yake umeshikwa na kano nene inayoshuka hadi kwenye kinundu cha mfupa wa muundi. Unapokunja goti, pia huteleza ndani ya mfereji ulioko mwishoni mwa mfupa wa paja, kama mlango wa kusukuma unavyopita katika reli yake.

Mambo matatu huizuia isitoke katika mfereji huo. La kwanza ni kina cha mfereji wenyewe. La pili ni kano za pembeni, hasa ile ya upande wa ndani, yaani upande unaoelekea goti la pili. La tatu ni nguvu za misuli ya paja na nyonga. Mguu unapokuwa umenyooka au umekunjwa kidogo tu, pia huwa bado haijaingia vizuri mferejini na hutegemea kano na misuli peke yake. Ndiyo sababu mtu huteguka anapogeuka ghafla uwanjani, au anaposhuka kwenye gari mguu mmoja ukiwa umekwama mchangani.

Kwa watu wengi pia hutokea upande wa nje. Ikitoka mara ya kwanza, kano ya ndani karibu kila mara hukatika au huvutika. Ikipona ikiwa imelegea, pia huweza kutoka tena na tena, na hapo ndipo wengine hupelekwa kupasuliwa.

KWA NINI UPASUAJI WA KWANZA HUSHINDWA?

Sababu ni kadhaa, na kila moja ina tiba yake.

Sababu ya kwanza ni kutibu dalili na kuacha chanzo. Mwaka 1994 Henri Dejour na wenzake wa mji wa Lyon, Ufaransa, walieleza kasoro kuu zinazoonekana katika magoti ya watu wenye tatizo hili: mfereji usio na kina, pia iliyokaa juu mno, pia iliyolala upande, na kinundu cha muundi kilichokaa mbali mno upande wa nje. Mtu mwenye mfereji bapa akishonewa kano tu, kano hiyo itabeba mzigo peke yake, na baada ya muda itachoka.

Sababu ya pili ni kano mpya iliyofungwa mahali pasipofaa. Siku hizi madaktari wengi hutengeneza upya kano ya ndani kwa kutumia kano iliyochukuliwa nyuma ya paja. Upasuaji huo ni mzuri, lakini kano ikipachikwa milimita chache tu kando ya mahali pake kwenye mfupa wa paja, hukaza kupita kiasi goti linapokunjwa, au hulegea linaponyooshwa. Mgonjwa wa namna hii hulalamika kwamba goti halikunjiki vizuri na linauma upande wa ndani.

Sababu ya tatu inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyompata mwalimu wetu. Kwa miaka mingi pia iliyokuwa ikitoka nje ilitibiwa kwa kukata utando unaoishika upande wa nje, ili usiendelee kuivuta. Kukata utando huo peke yake hakutoshi kuzuia kuteguka. Tena ukikatwa kupita kiasi, pia hukosa kizuizi cha upande wa nje na huanza kuhamia upande wa ndani. Mwaka 1988 Jack Hughston na mwenzake Deese wa Marekani walichapisha taarifa juu ya wagonjwa waliopatwa na jambo hili baada ya kupasuliwa.

Lililo gumu ni kwamba mgonjwa mwenyewe huweza kudanganywa na goti lake. Mguu ukiwa umenyooka, pia hutambaa polepole kuelekea ndani bila yeye kujua. Anapoanza kukunja goti, inarudi mferejini kwa kishindo ikielekea nje. Yeye husikia mrudio huo na kusema, "Inatoka nje, kama zamani." Daktari asiyechunguza kwa makini huamini maneno hayo, na huenda akaongeza kuivuta ndani pia ambayo tayari iko ndani kupita kiasi.

Sababu ya nne ni mfupa uliosogezwa kuliko ilivyohitajika. Kuna upasuaji wa kukata kinundu cha muundi na kukihamisha ili kano ivute kwa mstari ulionyooka. Mtindo mmoja wa zamani, uliotangazwa na Hauser wa Marekani mwaka 1938, ulikisogeza kinundu ndani na nyuma. Wengi waliofanyiwa hivyo gegedu lao lililika baada ya miaka. Mitindo ya leo ni salama zaidi, lakini kipimo bado ni kitu cha lazima.

Sababu ya tano ni mfupa wa paja uliounga ukiwa umezunguka. Ajali za pikipiki na za magari huvunja mapaja ya vijana wengi, na tiba nzuri ya siku hizi ni kutia chuma kirefu ndani ya mfupa. Mara chache mfupa huunga huku sehemu ya chini ikiwa imezunguka. Hapo goti hutazama pembeni, na pia huvutwa nje ya njia yake ingawa goti lenyewe halikuwa na kasoro.

Sababu ya sita huwapata watoto. Sindano nyingi za pajani katika utoto huweza kuacha kovu ndani ya misuli, na misuli hiyo hubaki mifupi. Mtoto wa namna hii pia yake hutoka kila anapokunja goti na hurudi kila anaponyoosha. Akishonewa upande wa ndani bila misuli iliyofupika kurefushwa, mshono huo hautadumu.

Na sababu ya saba ni rahisi kuliko zote, nayo ni mazoezi yasiyofanywa. Misuli ya paja husinyaa haraka sana baada ya upasuaji. Mtu akirudi kijijini kilomita mia kadhaa kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, asirudi tena kumwona, goti lake litaendelea kumwachia hata kama daktari alifanya kazi safi kabisa.

SI KILA GOTI LINALOACHIA LINA PIA INAYOHAMA

Kabla ya kuilaumu pia ya goti, daktari hana budi kuyafikiria mambo mengine. Kano zilizo katikati ya goti huweza kuwa zimekatika. Kipande cha gegedu huweza kuwa kinaelea ndani na kulikwamisha goti. Na maumivu yenyewe huifanya misuli ilegee ghafla, hata mtu akadhani mfupa umehama.

Katika kaunti zetu za Garissa, Wajir na Mandera, kuna jambo jingine la kukumbuka. Goti linalovimba na kuuma pamoja na homa za kuja na kupoa, jasho la usiku na uchovu, huenda lina ugonjwa wa brusela, ambao watu hupata kwa kunywa maziwa mabichi ya ngamia, ng'ombe au mbuzi. Kifua kikuu nacho huweza kuingia gotini. Magonjwa haya hutibiwa kwa dawa, na kumpasua mtu mwenye brusela akidhaniwa ana pia iliyolegea ni kumwongezea taabu.

Goti lililopasuliwa karibuni likiwa moto, jekundu, linatoa usaha au lina homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia shavu la mguu likivimba na kuuma baada ya upasuaji au baada ya safari ndefu ya basi, kwani damu huenda imeganda katika mshipa. Ukishindwa kupumua vizuri au kifua kikikuchoma, hiyo ni dharura kubwa.

UCHUNGUZI HUFANYWA VIPI?

Uchunguzi huanza kwa mazungumzo. Daktari atakuuliza: pia ilitoka kabisa ikabidi irudishwe, au unahisi tu kama inataka kutoka? Hutokea unaposhuka, unapogeuka, au hata unapotembea mahali tambarare? Shida ya sasa ni ile ile ya zamani au ni mpya? Swali hili la mwisho lina uzito mkubwa. Maumivu mapya yaliyoanza baada ya upasuaji, tena makali kuliko ya kwanza, humwonya daktari kwamba huenda upasuaji wenyewe umezua shida.

Atakuuliza vilevile kuhusu mkanda wa goti. Mikanda mingi hutengenezwa ili kuisukuma pia kuelekea ndani. Ukiuvaa na maumivu yakazidi, usinyamaze. Huenda pia yako inahamia ndani, na mkanda unaisaidia kupotea.

Kisha miguu yote miwili huangaliwa ikiwa wazi kutoka mapajani hadi nyayo. Najua kwamba kwa akina mama na mabinti wetu jambo hili ni zito. Lakini pia ya goti haichunguziki juu ya dira au buibui. Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo, au daktari wa kike akipatikana, na una haki ya kufunikwa kila sehemu isiyohusika.

Daktari atatazama jinsi unavyosimama, unavyotembea na unavyokunja goti. Ataisukuma pia taratibu kuelekea nje aone kama utashtuka na kumshika mkono. Kisha, na hapa ndipo wengi husahau, ataisukuma kuelekea ndani vilevile. Kuna kipimo ambacho mgonjwa hulala ubavu, mguu mbovu ukiwa juu, na misuli ikalegezwa. Pia isiyo na kizuizi upande wa nje hudondoka ndani kwa uzito wake. Katika kipimo kingine daktari huisogeza pia kidogo ndani mguu ukiwa umenyooka, kisha hulikunja goti na kuiachilia. Mwalimu wetu alipofanyiwa hivyo alipiga kelele: "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo inayotokea kwenye ngazi!"

Picha za eksirei hufuata. Picha mbili za kawaida hazitoshi. Omba, kupitia daktari wako, picha ya pembeni goti likiwa limekunjwa kidogo, na picha ya kutoka juu inayoonyesha pia ikiwa ndani ya mfereji wake. Kwa picha ya pembeni daktari hupima kama pia imekaa juu mno: uwiano wa 1.2 au zaidi humfanya ashuku. Skani ya CT hupima umbali kati ya mfereji na kinundu cha muundi, na umbali wa milimita 20 au zaidi huhesabiwa kuwa mkubwa. Skani hiyo huonyesha vilevile kama mfupa wa paja umezunguka. Kipimo cha MRI huonyesha kano na gegedu, ingawa skrubu za chuma zilizomo gotini huweza kuiharibu picha.

TIBA NI YA HATUA KWA HATUA

Ikiwa hakuna kipande kilichovunjika wala pia iliyokataa kurudi mahali pake, wagonjwa wengi huanzishiwa fiziotherapia kwa muda wa miezi mitatu hivi kabla ya kuzungumzia kisu. Lengo ni misuli ya paja na ya nyonga. Zoezi moja la kuanzia ni hili: kaa mguu umenyooka, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti, kaza paja ukiikandamiza taulo, hesabu hadi kumi, kisha legeza. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Aliyepasuliwa karibuni amuulize kwanza daktari wake.

Mkanda ufuate upande wa tatizo. Kwa joto letu la Garissa, vaa kitambaa cha pamba chini yake, na uoshe na kukausha ngozi kila siku ikiwa daktari amekuruhusu kuuvua.

Tiba hiyo isipofaa, na sababu ikiwa imejulikana, upasuaji wa pili huwa na maana. Kano iliyopachikwa vibaya huondolewa na kuwekwa mahali pake. Utando wa nje uliokatwa hutengenezwa upya. Kinundu cha mfupa husogezwa kwa kipimo. Mfupa uliozunguka hukatwa na kunyooshwa. Mfereji bapa huweza kuchongwa, lakini hiyo ni kazi ya mabingwa wachache. Mifupa ikikatwa, hesabu wiki 6 hadi 12 za kuunga, na kurudi uwanjani mara nyingi huchukua miezi sita au zaidi. Kumbuka pia kwamba gegedu likiwa limeshalika, upasuaji huweza kulituliza goti bila kuondoa maumivu yote. Daktari mkweli atakuambia hivyo mapema.

Pia ikitoka ukiwa nyumbani, keti, kisha nyoosha goti polepole. Mara nyingi itarudi yenyewe. Ikikataa, usiruhusu mtu aivute kwa nguvu. Fungeni mguu kwa ubao na mto jinsi ulivyo, mwende hospitali. Nawaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa, lakini goti lenye skrubu au kano iliyoshonwa si la kukandwa wala kufungwa vijiti.

KABLA YA KUSAFIRI NA KABLA YA KUUZA MIFUGO

Anzia karibu. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa, ambayo zamani tuliijua kama hospitali ya mkoa, ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi na kupata barua ya rufaa. Safari ya Nairobi kupitia Mwingi na Thika ni kilomita zipatazo 370, na kwa mtu wa Mandera ni zaidi ya maradufu. Si safari ya kufanywa mara mbili kwa sababu karatasi zilisahauliwa nyumbani.

Chukua ripoti ya upasuaji wa kwanza, si barua ya kuruhusiwa tu. Ripoti hiyo husema ni kano gani iliyokatwa, ni kipi kilichoshonwa, na ni vyuma gani vilivyotiwa. Una haki ya kuiomba hospitali ulikotibiwa. Chukua picha zote, za kabla na za baada. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imeshika nafasi ya NHIF, kwa hiyo hakikisha umesajiliwa na kuchangia, na uulize kabla ya safari ni sehemu gani ya gharama italipwa.

Ukiwa mbele ya bingwa wa mifupa, muulize maswali haya: Pia yangu inahamia upande gani? Kwa nini upasuaji wa kwanza haukufaulu? Wa pili utabadilisha nini? Nani atanisimamia mazoezi nikirudi nyumbani? Asiyeweza kujibu maswali mawili ya kwanza bado hajawa tayari kukupasua.

Na ukirudi nyumbani, tayarisha kiti cha kutumia chooni badala ya kuchuchumaa, na kiti cha kuswalia. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali akiwa ameketi. Usilikunje goti hadi chini kabla daktari hajakuruhusu.

Mjomba wa mwalimu hakuuza ngamia siku ile. Tulianza kwa kumvua binti mkanda uliokuwa ukimwumiza, tukatafuta ripoti ya upasuaji, tukampa mazoezi. Ripoti ilipofika ilithibitisha kwamba utando wa nje ulikuwa umekatwa kutoka juu hadi chini. Mazoezi yalimpunguzia maumivu lakini hayakumaliza tatizo, na hatimaye bingwa mmoja aliutengeneza upya utando huo. Ngamia aliuzwa wakati huo, na mzee alijua anauzwa kwa ajili gani. Mwalimu amerudi darasani. Bado hachezi mpira wa wavu, lakini ngazi za shule anazishuka bila kushika ukuta.